Mwavuli Ambao Sikuutoa

Wauguzi vijana mnaopangiwa kazi Turkana mna swali moja mnalopenda kunipigia simu kuniuliza tangu nistaafu: Sista, joto la huko ni kali kweli? Ndiyo, ni kali. Hilo sasa tumelimaliza. Joto halikunifanya nitake kukimbia. Walionifanya nitake kukimbia ni watu, na walionibakiza ni watu haohao. Mshtuko wa jambo hilo haujanitoka hata leo, ninapoandika nikiwa jikoni kwangu Nyamira na mvua ya alasiri inapiga bati.

Nilihamishiwa Lodwar nikiwa mtu mzima, mjane, watoto wangu wameshajitegemea. Nilikuwa nimezalisha akina mama wa kwetu kwa miaka mingi, nikajiona sina jipya la kuona wodini. Nikafungasha kama mtu wa milimani: masweta, blanketi zito, mishumaa ya kutumia stima zikipotea, na mwavuli mkubwa mweusi wenye mpini wa mbao ambao wenzangu walinizawadia siku ya kuniaga. Nilipofungua sanduku Lodwar, mishumaa ilikuwa imejikunja na kukumbatia masweta. Nilikaa kitandani nikaitazama kwa muda. Nikajiuliza, ikiwa mshumaa ambao haujawashwa umefanywa hivi, mimi nitafanywaje?

Siku yangu ya kwanza wodini nilipima joto la wagonjwa, na wote walikuwa na homa. Wote, hata mama aliyekuwa amekaa akicheka na mtoto wake. Nilitoka mbio kumwita mkuu wa wodi, Sista Akai, Mturkana mrefu mwenye sauti ya chini, aliyesomea uuguzi Nairobi kisha akarudi kwao. Nikamwambia tumevamiwa na ugonjwa wa mlipuko. Alikichukua kipimajoto changu, kile cha zebaki, akanionyesha bila kumgusa mgonjwa yeyote. Kilikuwa kinasoma homa kikiwa mkononi mwake. Hewa ya chumba ndiyo iliyopandisha zebaki.

"Hapa kipimajoto tunakipoza kwanza, dada," akasema, akakitumbukiza ndani ya kikombe cha maji yaliyotekwa kwenye mtungi wa udongo. Akakikung'uta, akanirudishia. "Sasa wapime upya."

Homa ikaisha wodi nzima. Sijawahi kuponya watu wengi kwa mpigo namna ile. Kikombe hicho kilikuwa chombo changu cha kwanza cha kazi Turkana, na sikuwahi kukifundishwa chuoni.

Mishtuko ikaendelea kuja. Bibi mmoja ambaye nilimzalishia mjukuu wake alinishika mkono, nikadhani ananishukuru, kisha akanitemea mate kifuani. Mkono wangu ulikuwa tayari njiani kuelekea kwenye chupa ya spiriti Sista Akai aliponiambia polepole, "Usijifute. Amekubariki." Nikatembea na baraka hiyo kifuani mpaka ikakauka, na kwa hali ya hewa ya Lodwar haikuchukua muda. Wiki nyingine nilivuka mto mkavu, laga kama wanavyouita huko, kwenda sokoni, mchanga mtupu, watoto wanacheza humo. Nikanunua sukuma wiki, na niliporudi nikakuta maji ya rangi ya chai yamejaa ukingo hadi ukingo yakibeba magogo. Mbinguni hapakuwa na wingu hata moja. Mvua ilikuwa imenyesha huko milimani, mbali ambako macho hayafiki. Nilisimama na sukuma wiki yangu hadi ikanyauka mkononi.

Lakini hakuna kilichonishtua kama kuombwa.

Niwaeleze nilivyolelewa ndipo mnielewe. Kwa mama yangu, mtoto hakusimama mlangoni mwa jirani wakati harufu ya chakula inatoka. Tukiishiwa chumvi tulikula bila chumvi na tukafunga mlango. Kuomba ilikuwa aibu, tena aibu ya ukoo mzima. Sasa nikapelekwa mahali ambapo mtu anakusalimia "ejok", nawe unaitikia "ejok", kisha palepale, akiwa anakutazama usoni bila haya yoyote, anasema: nipe viatu vyako. Nipe saa. Nipe hiyo miwani. Wauguzi wenzangu waliniomba, wagonjwa waliniomba, hata chifu mmoja mwenye mifugo isiyohesabika aliniomba kalamu. Mwanzoni nilidhani wanaona nina uwezo. Baadaye nilidhani wananidharau. Nilimlalamikia Sista Akai hadi akachoka.

"Kataa tu," aliniambia. "Hakuna atakayekasirika. Na wewe pia uombe."

Nilisikia neno la kwanza, nikalifanyia kazi kwa bidii. La pili nililipita kama mtu aliyesikia utani.

Baadaye nikapelekwa Kakuma, kwenye hospitali ndogo iliyo karibu na barabara kuu iendayo Lokichoggio. Nilidhani nimeizoea Turkana, kumbe nilikuwa nimeizoea Lodwar. Kakuma ni mji ambao huwezi kuuacha Ijumaa ukaukuta uleule Jumatatu. Mgao wa chakula katika kambi ya wakimbizi ukiwa mzuri, soko linafurika, Wasomali wanashusha mizigo, Wakongomani wanakaanga mikate, vijana wa Sudan Kusini wanapita kwa miguu mirefu wakienda kwenye mazoezi ya kwaya. Mgao ukipunguzwa, vibanda vinafungwa, na wodini unawaona akina mama wanafika wakiwa na tumbo kubwa na mikono myembamba. Mwezi mmoja unaona mji unajengwa, mwezi wa pili unaona watu wanang'oa mabati. Kichwa changu kilichelewa sana kuufuata mji huo.

Jirani yangu alikuwa mwanamke mzee aliyeitwa Mama Lokai, shanga shingoni hadi kidevuni, tumbaku mdomoni muda wote. Alikuwa akiishi na Akiru, mke wa mwanawe, kwa sababu Lokai mwenyewe alikuwa mbali na mifugo. Asubuhi yangu ya kwanza nilitoka nimejifunika mwavuli ule mweusi, maana jua la saa mbili pale ni kama la saa sita kwetu. Mama Lokai akaniangalia kuanzia mpini hadi ncha.

"Ejok. Wewe nipe mimi hiyo mwavuli."

"Hapana, mama. Ni wangu."

"Mimi iko mzee. Jua nachoma mimi kuliko wewe."

Nikapita bila kujibu. Kesho yake akaniomba tena, na kesho kutwa. Sikuwa nakataa tena, nilikuwa nanyamaza. Nilinunua kufuli, nikawa natoka kwa lango la nyuma. Nilipoishiwa makaa, nilitembea hadi sokoni juani nikapita mlango wa Mama Lokai ambako makaa yalikuwa yamejaa gunia. Kubeba maji nilibeba mwenyewe, mgongo ukiniuma, kuliko kumwambia mtu anisaidie.

Halafu asubuhi moja Mama Lokai alinipita. Akasema "ejok" tu, akaenda zake. Baada yake mtaa mzima ukaacha kuniomba. Nilifurahi kama mtu aliyepona jino. Nikajiambia hatimaye wameniheshimu. Ilichukua muda kugundua kwamba watoto hawakuwa wakija tena kuchungulia dirishani kwangu, na kwamba nikikaribia wanawake waliokaa chini ya mti, mazungumzo yanapungua. Nilikuwa mpweke kiasi kwamba nilianza kuzungumza na redio. Nikaomba uhamisho. Kwa miaka yote hiyo Turkana, hicho ndicho kitu pekee nilichokuwa nimeomba.

Kabla ya ombi langu kujibiwa, Akiru akaletwa.

Alikuwa amejifungulia nyumbani, asubuhi, kwa kupiga magoti kama wanavyofanya. Mtoto alitoka salama, lakini kondo la nyuma likabaki ndani. Walipomfikisha kwetu kwa pikipiki, akiwa katikati ya dereva na Mama Lokai, khanga zote mbili zilikuwa zimelowa. Afisa wa kliniki alilitoa kondo, nami nikausugua mji wa mimba hadi ukakaza kama ngumi. Damu ikasimama. Shida ni ile iliyokuwa imeshamtoka. Nilimfunua kope la chini na ndani palikuwa peupe kabisa. Alikuwa akiomba maji, anahema juu juu, anajaribu kuketi kwa sababu hewa haimtoshi. Nyinyi mnaosoma hili mnajua maana yake. Maji ya dripu yangemshikilia kidogo tu. Alihitaji damu, na friji yetu ya damu ilikuwa tupu.

Nikampigia simu Sista Akai Lodwar. Damu alikuwa nayo.

"Lakini gari halitafika, dada," akasema. "Laga zimejaa. Malori yamepanga foleni upande huu na upande huo."

Nilitazama nje. Jua lilikuwa linawaka vilevile, vumbi tupu. Nilitaka kupiga kelele.

Mtaalamu wetu wa maabara, Wafula, akatoa ya kwangu kwanza, maana damu yangu ni ya kundi O. Aliipima, akailinganisha na ya Akiru, ikakubaliana, tukaitundika. Haikutosha hata kidogo. Basi nikatoka nje, pamba ikiwa bado imebandikwa mkononi, kwenda kwa watu waliokuwa wamekaa chini ya mgunga mbele ya wodi. Walikuwa wengi, ndugu wa wagonjwa, majirani, watu waliokwama kwa sababu ya laga. Nikawapa elimu ya afya. Nilisimama wima nikawaambia kuchangia damu ni kuokoa maisha, hakuna madhara, mwili hutengeneza nyingine, kila mwananchi mwenye afya njema anahimizwa. Nilisema vizuri sana. Walinisikiliza kwa adabu. Nilipomaliza, mzee mmoja akatema tumbaku kando. Hakuna aliyeinuka.

Sikuamini. Nilimtazama Mama Lokai. Alikuwa amempakata mjukuu wake mchanga, macho yake yako kwenye mlango wa wodi, na hata yeye hakunitazama. Nikarudi ndani kwa hasira. Nikampigia Sista Akai tena nikamwambia watu wake wana roho ngumu, mtoto wao anakufa na wameketi.

"Umewaomba?" akauliza.

"Nimewaeleza kila kitu! Umuhimu, usalama, yote."

"Sikukuuliza kama umewaeleza. Kemunto, umewaomba? Wewe, kwa mdomo wako, kitu chako?"

Nikaitazama pamba iliyobandikwa mkononi mwangu.

"Mtu anayekataa tunamjua," akaendelea, na sauti yake ilikuwa ya chini zaidi. "Tunakataana kila siku na tunacheka. Lakini mtu asiyeomba kitu kabisa, huyo anatutisha. Yeye hana haja nasi. Sasa akisimama kusema habari za damu, nani atajua anaipeleka wapi? Rudi uombe. Haraka."

Nimeona mengi wodini, lakini maneno hayo yaliniduwaza kuliko yote. Nilikuwa nimekaa miaka nikidhani kosa langu kwao, kama lipo, ni uchoyo. Kumbe uchoyo walikuwa wameshanisamehe siku ileile. Kilichowatia hofu ni kule kutoomba, ambako mama yangu aliniitia mtoto mzuri.

Nikatoka tena. Mara hii sikusimama. Nilipiga magoti kwenye vumbi mbele ya Mama Lokai, na sare yangu nyeupe, nikanyoosha viganja viwili. Aibu ilikuwa inaniunguza masikio.

"Mama, nipe damu," nikasema. "Mimi Kemunto, naomba. Akiru anakufa na mimi sina nyingine. Nipeni. Nipe wewe, na wewe, na wewe."

Mama Lokai akaanza kucheka. Ninawaambia kweli, alicheka, mke wa mwanawe akiwa kati ya uhai na kifo, na wanawake walio nyuma yake nao wakaanza. Nilidhani wamepatwa na wazimu. Hakikuwa kicheko cha dhihaka. Ni kile cha mtu ambaye amebisha mlango muda mrefu, kisha akasikia kikohozi ndani.

"Aa! Kumbe hii daktari najua kuomba!" akasema. Akaniinamia hadi nikasikia harufu ya tumbaku. "Sasa wewe nipe mimi mwavuli."

Machozi yalikuwa yananitoka. Sijui nilitoa wapi jibu. "Sikupi. Ni wangu."

"Ejok," akasema, ameridhika kabisa. Akamkabidhi mwanamke wa pembeni mtoto, akainuka, akaingia maabara mbele yangu mkono ukiwa umenyooka.

Wafula alimtazama, akampima uzito, akamwambia hawezi, ni mzee na amekonda mno. Mama Lokai alimpigia makelele ambayo yalisikika hadi langoni. "Nyinyi naomba, mimi naleta, nyinyi nakataa! Hii ni adabu gani?" Lakini waliomwona akiingia walikuwa wameshapanga mstari. Vijana wawili wa Kiturkana walitangulia. Nyuma yao alisimama mama Mkongomani muuza mikate, ametoa macho. "Mama, mi nitatoa," akaniambia, "lakini usinitobole mara mbili, nasikiaka woga." Halafu dereva mmoja Msomali, ambaye lori lake lilikuwa limezuiwa na laga, akaja akipangusa grisi mikononi.

"Mama daktari, damu yangu itapatana na huyo mama?"

"Wafula ataiuliza damu yenyewe," nikamwambia.

Iliulizwa, ikapatana. Ya kijana mmoja ilikataa, ya mama wa mikate ikakubali, na sindano haikumwingia mara mbili. Chupa baada ya chupa, kope za Akiru zikaanza kupata rangi. Aliacha kuhema juu juu. Jioni alifungua macho akaniona nimekaa kando yake, akaninyooshea kidole dhaifu kifuani, nilipobandika saa yangu ya kazi.

"Nipe hiyo saa," akasema.

Nikampa. Nilikuwa nimeinunua Kisumu na niliipenda. Sijui kama nimewahi kutoa kitu kwa furaha namna ile.

Asubuhi iliyofuata mtu aligonga lango langu la mbele. Alikuwa Mama Lokai. Alitaka sukari. Nikampa, nikamwomba makaa, akanimiminia ndoo nzima, kisha akaomba ndoo. Nikamkatalia ndoo. Alienda akicheka. Wiki hiyo nilifuta ombi langu la uhamisho, na ofisini walishangaa kwa sababu walikuwa wameshalikubali.

Nilibaki Kakuma hadi mwisho wa kazi yangu. Kwa hiyo, wadogo zangu, haya ndiyo ninayoweza kuwafundisha. Kipimajoto kipozeni kwanza. Laga kavu msiiamini hata kama mbingu ni safi. Mkitemewa mate msijifute. Mkiombwa, kataeni kwa sauti au toeni kwa mkono, lakini msinyamaze. Na ninyi muombe, hata kama hamna shida. Ombeni chumvi mkiwa na chumvi. Mji ule utapanda na utashuka, mgao utakuja na utakatwa, mashirika yatafunga ofisi na kufungua tena, na mtakaoshikana nao ni wale mnaoombana nao.

Mama Lokai aliniomba mwavuli karibu kila tulipokutana, kwa miaka. Nilimnyima kila mara. Ikawa ndiyo salamu yetu. Mtoto aliyezaliwa siku ile, msichana, alikua akituigiza uani, mara yeye ndiye bibi, mara yeye ndiye daktari.

Siku ya kuondoka kwangu hospitali ilinipa gari la kunifikisha Lodwar. Mtaa ulikuja kuniaga kwa namna yao. Akiru aliomba sufuria, akapata. Mama wa mikate aliomba pazia. Dereva wa gari letu aliomba redio, na nikaona uchungu kidogo, kwa sababu redio ile ilijua siri zangu. Mama Lokai alikuja mwisho, ameshikiliwa na mjukuu wake, macho yake yamefunikwa na ukungu wa uzee. Nilikuwa nimeushika mwavuli mkononi kwa makusudi. Ulikuwa umechakaa, ubavu mmoja umepinda, na nilikuwa nimeamua tangu juzi kwamba leo atapewa.

Alinishika mkono. Akanitemea mate kiganjani, akayasugua. "Ejok," akasema. Akageuka kuondoka.

Nilikumbuka ile asubuhi ya zamani aliponipita vilevile, neno moja tu na mgongo. Nikaona nimefutwa. Miaka yote hiyo, na siku ya mwisho ananifuta mbele ya watu!

"Mama!" nikaita. "Leo huniombi mwavuli?"

Akasimama. Akarudi, akaugusa mkono wangu ulioshika mwavuli.

"Nikiomba leo, wewe tatoa," akasema. "Naona mkono yako. Sasa ikitoa, taisha. Wewe kaa nayo. Mimi taomba siku wewe narudi."

Mwavuli huo umening'inia hapa nyuma ya mlango wa jikoni. Dada yangu hakomi kunishangaa, maana Nyamira kunanyesha kila alasiri na mimi siugusi. Wa mvua nimenunua mwingine.